Flashi kwenye picha za mitindo: dalili, sababu na tiba zake

Malalamiko ya wapiga picha wa mitindo kuhusu flashi yanafanana kila mahali, iwe ni studio ya chumba kimoja Sinza au ufukwe wa Nungwi. Flashi haiwaki. Picha ina utepe mweusi. Kitenge kimebadilika rangi. Miguu ya modo imemezwa na giza. Mara nyingi mtu huishia kununua flashi nyingine, kisha tatizo linaendelea vilevile, kwa sababu tangu mwanzo halikuwa kwenye flashi.

Tafuta hapa chini dalili unayoiona kwenye skrini yako. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea sana ndiyo iliyotangulia, na vipimo visivyogharimu senti viko kabla ya vile vinavyogharimu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha piga picha ya kujaribu. Ukibadilisha vitatu kwa mkupuo, hutajua kipi kimekuponya.

Kipimo kimoja kinafaa karibu kwa kila dalili, nami nakiita picha ya giza. Zima triga (kile kifaa cha juu ya kamera kinachoiamuru flashi iwake kwa redio), usiguse mpangilio mwingine wowote, piga. Picha ikitoka nyeusi tii, mwanga wote wa kazi yako unatoka kwenye flashi. Kama sura ya modo inaonekana, hata kwa mbali, basi taa za chumba au jua la dirishani limeingia kwenye picha na linachangia matatizo yako.

Flashi haiwaki kabisa

Kabla ya kufungua menyu yoyote, bonyeza vitufe vitatu kwa zamu. Kwanza kitufe cha majaribio kwenye flashi yenyewe. Isipowaka, tatizo ni la flashi au betri zake. Ikiwaka, bonyeza kitufe cha majaribio cha triga. Isipowaka hapo, triga na flashi hazisikilizani. Ikiwaka, bonyeza kitufe cha kamera. Isipowaka sasa, tatizo liko kati ya kamera na triga. Ndani ya nusu dakika umeshajua ushughulike na kifaa kipi.

Kati ya kamera na triga, sababu ya kwanza ni triga isiyosukumwa hadi mwisho wa kishikio cha juu ya kamera. Isukume mpaka igote, halafu uifunge. Ya pili ni shata ya kimya (shata ni kile kinachofungua na kufunga njia ya mwanga ndani ya kamera). Kamera nyingi za mirrorless, zile zisizo na kioo ndani, huzima flashi zikiwa kwenye shata ya kielektroniki, na mtu aliyeiwasha jana kanisani husahau kuizima. Rudisha shata ya mekanika. Ya tatu ni vumbi, jasho na chumvi ya pwani kwenye vile vidoti vya chuma vya kishikio na triga. Vifute kwa kitambaa kikavu, bila maji wala mafuta. Ya nne ni adimu, lakini huwatesa sana wanaoanza: Canon EOS 2000D, 4000D na 250D ziliundwa bila ule mguso wa katikati kwenye kishikio. Triga ya kawaida inayotegemea mguso huo haitafanya kazi hapo hata ufanyeje. Tafuta triga ya Canon ambayo mtengenezaji wake ameitaja kamera yako kwa jina.

Kati ya triga na flashi, angalia chaneli na kundi. Vikitofautiana, hakuna mawasiliano. Kwenye flashi na triga za Godox kuna pia namba ya ID, ambayo lazima ifanane pande zote mbili. Halafu angalia kama flashi imewekwa S1 au S2. Hapo inasubiri kuona mwanga wa flashi nyingine, haisikilizi redio, na ukiwa juani haitaona kitu. Jambo lisilojulikana na wengi: baadhi ya triga za Godox zina mpangilio wa umbali, mita 0 hadi 30 au 1 hadi 100. Ikiwa kwenye ule wa mbali nawe umesimama pua kwa pua na taa, flashi itaruka baadhi ya picha. Badilisha mpangilio, au rudi nyuma hatua mbili.

Onyo: usichomeke flashi ya enzi za filamu kwenye kamera ya kidijitali bila kujua volti zake. Baadhi, kama Vivitar 283 za mwanzo, zinaweza kutoa zaidi ya volti 200 kwenye mguu wake, kiasi cha kuunguza saketi za kamera. Fundi wa elektroniki anaweza kuzipima. Ukiipenda sana flashi hiyo, iwashe kwa kifaa cha redio kinachohimili volti hizo, ikae mbali na kamera.

Utepe mweusi upande mmoja wa picha

Shata ina mapazia mawili. Hadi kasi fulani kuna nukta ambapo sensa, kile kibamba kinachonasa picha, iko wazi yote, na flashi huwaka hapo. Kwenye Canon 6D kikomo ni 1/180 ya sekunde, Canon 5D Mark IV ni 1/200, Sony A7 III ni 1/250. Ukipita hapo, pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijafika mwisho, na ule utepe mweusi ni pazia lenyewe lililonaswa na flashi.

Shusha hadi 1/160. Mara nyingi tatizo huishia hapo. Kama kamera yako inaruhusu 1/200 na bado unaona ukanda mwembamba, triga inachelewa kidogo kufikisha ishara, kwa hiyo ishi na 1/160. Ukiihitaji kasi kubwa, washa HSS, mpangilio unaoiwezesha flashi kufanya kazi juu ya kikomo hicho. Kwenye Nikon lazima kwanza uruhusu Auto FP kwenye menyu, na flashi nayo iwe na uwezo huo. Yongnuo YN560, kwa mfano, haina.

Utepe ukibaki hata kwa 1/60, angalia kwanza kama kofia ya lenzi au ukingo wa softiboksi (lile sanduku la kitambaa la kulainisha mwanga) unaziba mwanga. Kisha toka nje juani bila flashi, piga kwa 1/2000. Utepe ukionekana na hapo, shata inachoka. Simama. Usiguse pazia kwa kidole wala kulipuliza kwa hewa ya kopo, ni jembamba kama jani kavu la mgomba. Peleka kwa fundi wa kamera.

Kioo cha kutazamia ni giza, lakini picha inatoka vizuri

Si ubovu. Kamera ya mirrorless inakuonyesha picha itakavyokuwa bila flashi, na kwa tundu la lenzi f/8, shata 1/160 na ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ndani ya studio, hiyo ni giza. Zima onyesho la mwangaza: kwenye Canon ni Exposure simulation, kwenye Sony ni Setting Effect Off. Ukirudi kwenye mwanga wa jua, uliwashe tena.

Picha moja ina mwanga, inayofuata haina

Mara nyingi sana unapiga kabla flashi haijajaa. Modo anatembea, nguo inapepea, kidole hakivumilii. Washa mlio wa flashi, ule unaolia ikishajaa, upige kwa kuufuata. Flashi ndogo ya betri nne, ikiwa na betri za NiMH (za kuchajika) zilizojaa, huhitaji sekunde mbili hivi, tatu, baada ya mmweko wa nguvu kamili. Betri za dukani zisizochajika huchukua muda mrefu zaidi, na zikianza kuchoka muda huo hurefuka zaidi. Usichanganye betri za zamani na mpya.

Dawa nzuri kuliko kusubiri ni kutoka nguvu 1/1 hadi 1/4 na kupandisha ISO kutoka 100 hadi 400. Mwangaza wa picha unabaki uleule, flashi inajaa haraka, na haipati joto.

Kama umesubiri na bado picha zinatofautiana, angalia kama uko kwenye TTL. Mfumo huu hukadiria mwanga upya kwa kila picha na unataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Modo mwenye kanzu nyeupe atatoka mweusi kupita kiasi. Mwenye buibui atatoka amepauka. Kwa picha za katalogi weka flashi M (mpangilio wa mkono), kamera M, na uzime ISO ya otomatiki. Nguo kumi zipigwe kwa mwanga mmoja.

Sababu ya mwisho iko kwenye taa za studio za mtindo wa zamani: ukipunguza nguvu, umeme wa ziada unabaki ndani. Picha ya kwanza inatoka nyeupe, ya pili inatulia. Bonyeza kitufe cha majaribio mara moja kila unapopunguza.

Rangi ya picha siyo rangi ya nguo

Kwenye picha za mitindo hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Bibi harusi anaweza kusamehe rangi ya anga. Mteja aliyeagiza gauni la rangi ya damu ya mzee kutoka kwenye picha yako, akafungua mfuko akakuta waridi, hatasamehe, na hasara itamwangukia mshonaji ambaye hakukosea kitu.

Anza na mizani ya weupe, ile WB. Ikiwa ya otomatiki, kamera itaona kitenge chekundu kimejaza fremu na itajaribu kukipoza. Weka alama ya flashi, au Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5500. Mpe modo kadi ya kijivu aishike kifuani kwenye picha ya kwanza ya kila mpangilio wa taa, piga RAW (faili ghafi ya kamera), na urekebishe picha zote kwa kadi hiyo.

Pili, piga picha ya giza. Ikitoka na rangi ya chungwa, bulbu za chumba zimeingia, na ikiwa na ukijani, ni taa za LED au tyubu. Kuzima swichi ni rahisi kuliko kurekebisha kwenye kompyuta, kwa sababu mwanga uliochanganyika hauwezi kutolewa kwa kitufe kimoja. Uso utakuwa sawa na sketi itakuwa na rangi nyingine. Kama ni lazima taa za ukumbi zionekane, vika flashi jeli (karatasi ya plastiki ya rangi) ya CTO ili nayo iwe ya chungwa, kisha shusha Kelvini hadi 3200 au karibu na hapo.

Tatu, tazama kuta. Chumba kilichopakwa kijani au pinki kinarudisha rangi hiyo kwenye nguo, hasa upande wa kivuli. Shuka jeusi lililotundikwa pembeni linatosha. Softiboksi kuukuu nayo hugeuka njano. Iweke karibu na karatasi nyeupe uone.

Nne, angalia ulivyohifadhi picha. Adobe RGB na sRGB ni mifumo miwili ya kuhifadhi rangi. Faili ya Adobe RGB inaweza kupoa rangi ikifika kwenye simu na mitandao. Kwa picha za kuuzia nguo, toa sRGB.

Tano, nguvu ya flashi yenyewe hubadilisha rangi kidogo. Flashi zinazokata mmweko katikati, zikiwemo karibu zote ndogo za juu ya kamera, huelekea ubuluu ukipunguza nguvu. Taa za studio za zamani zinazopunguza volti huelekea uchungwa. Ukitumia taa mbili za aina tofauti, moja 1/1 na nyingine 1/64, usishangae mashavu mawili yakikosa kufanana.

Halafu kuna lile linalowachanganya hata wazoefu. Chukua kanzu nyeupe yenye darizi ya rangi ya maziwa shingoni. Kwa macho vinalingana. Piga kwa flashi isiyo na kinga, na kitambaa kinatoka na ubuluu wa barafu wakati darizi imebaki na joto lake, kama vile vimetoka kwenye nguo mbili. Viwanda vya nguo na sabuni za kufulia hutumia kemikali za kung'arisha ambazo hupokea miale ya urujuani isiyoonekana (UV) na kuirudisha ikiwa buluu. Bomba la flashi hutoa miale hiyo kwa wingi. Hakuna WB itakayoponya vyote viwili kwa pamoja. Tumia taa yenye bomba au kioo kilichopakwa kinga ya UV, au weka jeli ya kuzuia UV mbele ya taa. Kama huna, punguza buluu kwenye kitambaa peke yake wakati wa kuhariri, na umwombe mwenye nguo asikifue kwa sabuni ya kung'arisha kabla ya kupiga picha.

Buibui na suti nyeusi: mikunjo imepotea, au weusi una uwekundu

Mikunjo kupotea kunatokana na taa kuwa mbele. Kitambaa cheusi hurudisha mwanga kidogo sana, hivyo umbo lake huonekana kwa ule mng'ao mdogo wa kwenye kingo za mikunjo. Hamishia taa kubwa pembeni kabisa, mwanga upite juu ya nguo kwa kuikwaruza, na uweke taa nyembamba ya pili nyuma upande wa pili. Ongeza mwangaza kwa nusu stopu hadi stopu moja (stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu) kuliko unavyodhani, kisha urudishe chini kwenye RAW. Ukipiga giza halafu ukapandisha, utapata chembechembe.

Weusi wenye uwekundu hutokea zaidi kwenye vitambaa vya sintetiki. Hivyo hurudisha miale ya infraredi, ambayo flashi inayo kwa wingi, na sensa yenye kichujio hafifu huiona. Leica M8 ya mwaka 2006 ilijulikana sana kwa hili, hadi kampuni ikawapa wanunuzi vichujio vya kuweka kwenye lenzi. Kamera za leo zimejitahidi, ila ukiliona tatizo, kichujio cha kukata infraredi ndiyo tiba. Kuhariri hakufiki huko, kwa sababu pamba nyeusi na poliesta nyeusi kwenye vazi moja zitakataa kulingana.

Ngozi au kitambaa kinang'aa vibaya

Mng'ao ni taswira ya taa yako kwenye kitu laini. Taa ndogo hutoa doa dogo kali. Taa kubwa iliyosogezwa karibu huutandaza mng'ao huohuo ukawa mpole.

Kwa ngozi nyeusi, usiufute wote. Ni mng'ao unaochora mfupa wa shavu, bega na shingo. Anza na karatasi ya kunyonya mafuta, kisha poda kidogo ya rangi ya ngozi kwenye paji na pua. Poda nyeupe isiyoonekana kwa macho inaweza kuwaka kama unga mbele ya flashi, jaribu picha moja kabla msanii wa vipodozi hajafunga mkoba wake. Bado unaona doa? Badilisha flashi tupu kwa softiboksi ya sentimita 90 au zaidi, isogeze hadi mita moja, na uigeuze kidogo ili modo aguswe na ukingo wa mwanga, si kitovu chake.

Bazini, satini na kitenge chenye nta vinafuata sheria ya kioo: mwanga unarudi kwa pembe ileile uliyoingia nayo. Simama ilipo kamera, mwambie msaidizi azungushe taa polepole huku bulbu yake ya kuongozea, ile inayowaka muda wote kukuonyesha mwanga utakapoangukia, ikiwa imewashwa, na utaona weupe ukitembea juu ya kitambaa mpaka utoke kwenye maua uliyotaka yaonekane. Nguo yenye puleki, vile vidoti vinavyometameta, ni kinyume. Ile inahitaji taa ndogo kali ya pili, kwa nguvu kidogo, maana softiboksi peke yake huviua.

Uso unang'ara, miguu iko gizani

Taa iko karibu mno. Softiboksi ikiwa usawa wa uso, mita moja mbele ya modo, miguu iko karibu mita mbili kutoka kwenye taa, na hupata kama robo tu ya mwanga wa usoni. Hizo ni stopu mbili. Rudisha taa hadi mita tatu na tofauti inashuka chini ya nusu stopu. Gauni lote linaonekana hadi pindo.

Gharama yake ni nguvu: kutoka mita moja hadi tatu unapoteza mwanga mara tisa, stopu tatu na kitu. Pandisha ISO hadi 800 kama flashi yako ni ndogo. Kama chumba hakina urefu, elekeza kitovu cha softiboksi kiunoni badala ya usoni, au weka rifleta (ubao wa kurudisha mwanga) nyeupe sakafuni nje ya fremu. Suluhisho la mwisho ni taa ya pili ya chini, lakini iwe dhaifu kuliko kuu, la sivyo vivuli vitapanda juu usoni kama vya hadithi za kutisha.

Dera linaonyesha mwili

Dera, mtandio, shifoni, hata kanga iliyochoka, ukiweka taa nyuma ya modo mwanga unapita na miguu inachoreka yote. Modo haoni, wewe unaona baadaye kwenye skrini kubwa, na picha haiwezi kutumika. Muulize kabla ya kuanza kama amevaa shimizi. Kisha tazama chanzo: ukuta mweupe wa nyuma uliomulikwa sana ndio mkosaji wa kwanza, taa ya nyuma iliyo usawa wa kiuno ndiyo ya pili. Msogeze modo mita mbili mbele ya ukuta na upunguze nguvu ya nyuma. Taa ya nyuma ipandishe juu ya kichwa na uivute pembeni, imulike bega na ukingo wa kilemba tu. Muoneshe picha ya kwanza na umwachie yeye aseme kama ameridhika.

Flashi imewaka na bado nguo imetia ukungu

Kama kuna sura mbili, moja kali na nyingine ya kivuli, picha ya giza itakuonyesha kuwa taa za ukumbi zimeingia. Kutoka 1/60 nenda 1/160, shusha ISO, ongeza nguvu ya flashi. Kama ukungu uko kwenye pindo linalorushwa peke yake, mmweko wenyewe ni mrefu. Flashi ndogo kwenye nguvu kamili si ya haraka kama watu wanavyodhani. Kwa 1/8 au 1/16 mmweko unakuwa mfupi mara nyingi. Taa za studio za kupunguza volti hufanya kinyume, kwa hiyo hizo zipandishe nguvu na uzisogeze mbali.

Nje juani, flashi haionekani

Jua la mchana ISO 100 kwa 1/200 linataka f/11. Flashi ndogo iliyo mita tatu ndani ya softiboksi haifiki hapo. Isogeze mpaka iguse ukingo wa fremu, au toa softiboksi. Ukitaka f/2.8 ili nyuma pawe laini, una njia mbili: HSS, inayokula stopu mbili hivi za nguvu, au kichujio cha ND (kioo cha giza cha kupunguza mwanga kwenye lenzi) cha stopu nne ukibaki kwenye 1/200. Kichujio hakiipunguzii flashi kazi, lakini hakiipotezei nguvu kama HSS.

Ningependa zaidi ubadilishe saa. Huku karibu na ikweta jua la saa sita liko utosini na macho ya modo ni mashimo meusi. Saa kumi na nusu jioni jua limelala, nguvu yake imeshuka, na flashi ndogo inatosha. Modo alipe jua mgongo, flashi itoke upande wa uso.

Upepo: softiboksi ni tanga. Mfuko wa mchanga kwenye stendi, na mtu ameishika. Taa ikianguka na bomba likapasuka, usiiwashe tena kujaribu.

Matatizo madogo

Kivuli kikali ukutani: msogeze modo mbele, pandisha taa. Mandhari nyeupe imetoka kijivu: ina mwanga mdogo kuliko modo, iongezee taa yake hadi izidi stopu moja, si zaidi, vinginevyo weupe utamwagika kwenye kingo za nguo. Miwani inarudisha taa: pandisha taa na uinue kidogo vishikio vya miwani juu ya masikio. Mistari ya mawimbi kwenye suti yenye nyuzi za karibu: badilisha umbali hatua moja au mbili.

Wakati wa kuacha na kuita fundi

Kapasita ya flashi, hata ile ndogo ya juu ya kamera, hushika volti 300 na zaidi. Taa za studio zina kapasita kubwa zaidi, zinazoweza kuua. Umeme huo hubaki baada ya kuzima na kuchomoa waya, wakati mwingine kwa muda mrefu. Usifungue kifuniko chenye skurubu, hata kama umeona video ya mtu akifanya hivyo kwa bisibisi. Fundi unayempelekea awe amezoea flashi au vifaa vya umeme mkubwa, na umwambie kabla hajafungua.

Zima mara moja, chomoa ukutani, na usiwashe tena ukiona au kusikia mojawapo ya haya: harufu ya kuungua, moshi, mlio mkubwa wa kupasuka, cheche kwenye waya, bomba lililogeuka jeusi lote au lenye ufa. Betri ya lithiamu iliyovimba usiichaji, usiitoboe, usiibane irudi ndani. Iweke nje kwenye sakafu ya saruji, mbali na vitu vinavyoshika moto, na uulize duka lililokuuzia kama linapokea betri mbovu.

Taa iliyoletwa kutoka Marekani inaweza kuwa ya volti 120 peke yake. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuichomeka, maana umeme wetu ni volti 230 Tanzania na 240 Kenya. Kwa jenereta na inveta, soma kitabu cha taa: nyingi hazitaki inveta za bei ya chini zenye wimbi lisilo laini. Taa zikichelewa kujaa jioni tu, umeme wa mtaa unashuka, na stebilaiza inaweza kusaidia. Waya wa kuongezea ukunjue wote, ukibaki umeviringishwa hupata moto. Bulbu ya kuongozea ya halojeni izimwe ukimaliza kupanga taa, isiachwe ikiwaka ndani ya softiboksi iliyofungwa.

Flashi ikijifunga yenyewe kwa joto, iache ipoe kivulini kwa dakika kumi hivi. Usiiweke kwenye friji wala mbele ya kiyoyozi, unyevu utaingia ndani. Ikirudia kujifunga ukiwa umepiga picha chache tu kwa nguvu ndogo, hiyo siyo hali ya hewa ya Dar. Ipeleke ikapimwe kabla ya kazi inayofuata.